Ng'ombe wa Spasenija na Mabwana wa Mawe

Nianze na ng'ombe, maana katika kisa hiki chote yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili. Aliitwa Rumenka, mwekundu, mvivu, mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea jichoni, na alikuwa mali ya jirani yangu Spasenija. Siku wasomi wawili waliposimama mbele yake kubishana ni taifa gani lililofika kwanza katika ardhi hii ya Kosovo, Rumenka aliinua mkia akafanya haja yake pale pale, karibu na viatu vyao. Nimesikiliza redio maisha yangu yote na sijapata kusikia hoja nzuri kuliko ile.

Spasenija ni Mserbia. Sisi ni Waalbania. Nalisema mara moja nimalize, kwa sababu kuna watu wanalisema kutwa nzima na wanalipwa mshahara. Nyumba yake na yetu zinatazamana hapa Bistrik, katikati ipo barabara ya mteremko ambayo wakati wa baridi inateleza vibaya sana. Alishuka kutoka kijiji cha juu akiwa msichana, na punda na sanduku la nguo, akaolewa na Tihomir. Akakuta mama mkwe mwenye ulimi wa wembe na banda la ng'ombe nyuma ya nyumba. Mama mkwe akafa, Tihomir naye akafa, banda likabaki. Mtoto wao ni mmoja tu, Ljubinka, aliyehamia Kragujevac kule Serbia, akapata mume na nyumba ya ghorofani. Kila Jumapili Ljubinka alikuwa akipiga simu.

"Mama, njoo ukae na sisi. Huku kuna joto, maji ya moto yanatoka bombani."

"Na Rumenka nimwache na nani?"

Mazungumzo yaliishia hapo kila Jumapili, na Spasenija alikata simu akicheka. Jibu lake lilikuwa hilo hilo, hakuwa na jingine. Alikuwa mzee, mgongo umepinda, macho yamefifia, na kila mtu mwenye busara angemwambia aende kwa binti yake. Siku Rumenka akikosa pa kulala, Spasenija angekosa la kumjibu Ljubinka, na angeondoka Bistrik. Mimi nilijua hivyo, mume wangu Ukë alijua hivyo, na hata wapuuzi wa dukani walijua.

Kuhusu Ukë na Spasenija lazima niseme kidogo. Wazazi wa Ukë walikuwa wakizika watoto wachanga. Kwetu, nyumba ambayo watoto hawakai, mtoto anayezaliwa hupelekwa kwa mtu wa dini nyingine amkate nywele za kwanza, ili kifo kikija kichanganyikiwe, kisijue huyu ni wa nani. Basi baba mkwe wangu, Mwislamu asiyekosa msikitini Ijumaa, akavuka barabara na kichanga mikononi, na Tihomir akakikata nywele kwa mkasi wa kukatia sufu ya kondoo kwa sababu mwingine haukuwepo. Ukë akaishi. Masikio yake hayalingani mpaka leo na mimi naulaumu mkasi ule. Tangu siku hiyo Tihomir alikuwa baba yake wa nywele na Spasenija mama yake wa nywele, na udugu huo kwetu ni mzito kuliko wa damu. Ndugu wa damu unaweza kumburuta mahakamani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wa nywele huwezi.

Vita vilipokuja, wenye bunduki wa upande wake, Waserbia, walifika langoni kwetu. Spasenija alitoka na aproni yake, mikono ina unga, akajisimamisha mbele yao. "Hawa ni watu wa nywele zangu," akasema. "Mnataka kupita, nipiteni mimi." Wakatukana wakaenda zao. Kiangazi upepo ukageuka, na wenye bunduki wa upande wetu wakafika langoni kwake. Ukë akasimama pale na maneno yale yale. Hakuna aliyetuwekea kibao cha ukumbusho kwa mambo hayo, na hatukukitaka.

Sasa njoo kwenye ukuta. Banda la Rumenka upande wa nyuma halikuwa na ukuta wake. Lilitumia ukuta wa kale, mawe makubwa ya kijivu, mrefu kuliko mtu, uliosimama pale tangu kabla ya mtu yeyote kukumbuka. Boriti za banda zilishindiliwa kwenye mawe hayo. Mama mkwe wa Spasenija alikuwa akitundika vitunguu pale. Ulikuwa ukuta mzuri, unazuia upepo, na ungeendelea kuuzuia kama dunia isingekuwa na maprofesa.

Wa kwanza alikuwa wetu, Profesa Vranovci kutoka Prishtina, na viatu vyake vya kung'aa. Alimkuta Spasenija akikamua.

"Mama, unajua umekaa juu ya nini?"

"Juu ya kigoda, mwanangu."

"Umekaa juu ya historia! Huu ni ukuta wa Wailiria, babu zetu sisi Waalbania. Walikuwa hapa zamani sana, wenu wakiwa bado hawajashuka kutoka kaskazini."

"Mimi nilishuka kwa punda," Spasenija akasema. "Pale juu tu, kwa akina Stanoje. Nishikie mkia, ananipiga usoni."

Profesa hakushika mkia. Alipiga picha, akasema banda ni tusi kwa mababu, lazima liondolewe ili ukuta uonekane, akaenda.

Haikupita muda akaja wa kwao, Profesa Milojković kutoka Belgrade, mtu wa ndevu na machozi ya karibu. Huyu aliubusu ukuta. Nilimwona kwa macho yangu akiweka midomo pale ambapo Rumenka hujikuna.

"Dada Spasenija! Dada yangu katika imani! Huu ni ukuta wa kanisa la mfalme wetu. Roho ya taifa la Waserbia ilizaliwa hapa!"

"Hapa alizaliwa Rumenka," akasema Spasenija, "na mama yake Rumenka. Sogea hivi kidogo, baba, utakanyaga."

Naye akasema banda ni tusi kwa mfalme, lazima liondolewe. Mkutano wa mbele ya mkia, ule niliousema mwanzo, ulitokea siku walipokutana pale wote wawili, kila mmoja na mashabiki wake. Mmoja alisema jiwe la pembeni limechongwa namna ya Wailiria. Mwingine akasema jiwe hilo hilo lina alama ya msalaba. Nilikwenda kulitazama jiwe lile baadaye. Lina alama ya pembe ya Rumenka.

Simwoni mmoja bora kuliko mwenzake. Watu wazima, wana wake, wana shahada, wanazunguka milimani wakiuliza mawe baba yao ni nani. Mfalme amekufa, Wailiria wamekufa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kurudi kudai chake. Wanaodai ni hawa, ambao hawajui hata kuwasha jiko la kuni. Na wanakijiji wenzangu hawakuwa na nafuu. Watu ambao hawakuwahi kumsaidia Spasenija hata kubeba ndoo sasa walisimama dukani vifua mbele wakisema "ukuta wetu", wa huku na wa kule, kila mmoja na chupa yake ya bia.

Shida ya maprofesa wale ilikuwa moja: kiwanja ni cha Spasenija, na bila neno lake ilikuwa vigumu kuligusa banda. Kwa hiyo wakaanza kumvisha kilemba cha ukoka. Huyu anamletea kahawa, yule anamletea picha ya mtakatifu. Na siku ya mtakatifu wa nyumba yake ilipofika, wakaja wote.

Kila nyumba ya Waserbia ina mtakatifu wake, na ya Spasenija ni Malaika Mkuu Mikaeli, mwezi wa kumi na moja, baridi inapoanza kuuma. Siku hiyo hakuna anayealikwa. Anayetaka huja, na akija huwezi kumfukuza hata kama ni adui yako. Mwenye nyumba hakai kitako. Mshumaa ukishawashwa husimama na kuhudumia mpaka uishe. Sisi tulikuwa pale tangu asubuhi kama kila mwaka. Mimi nilifunga nyama kwenye majani ya kabichi, Spasenija alioka mkate, akaugonga muhuri wa mti wa mama mkwe wake. Mkate huo hushikwa na watu wawili, hugeuzwa mara tatu, humwagiwa divai, kisha huvutwa kila mmoja upande wake mpaka ukatike. Tangu Tihomir afe, aliyeugeuza pamoja na Spasenija ni Ukë.

Milojković aliposikia hivyo ndevu zilimsimama.

"Mwislamu? Mwislamu ageuze mkate wa Malaika Mikaeli? Dada, hii ni aibu!"

Vranovci naye akamgeukia mume wangu. "Na wewe, Mwalbania mzima, unashika mkate wa hawa? Huoni haya?"

Ukë akafuta mikono kwenye suruali. "Hongereni," akasema. "Hilo ndilo jambo la kwanza mlilokubaliana."

Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Spasenija hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya mshumaa, mdogo, na kitambaa chake kipya cheusi, na nilijua anafikiria nini kwa sababu usiku kucha hakulala akifikiria hicho hicho.

"Basi ushikeni nyinyi wawili," akasema. "Ukë, mwanangu, wapishe. Lakini sikilizeni. Mkiushika mkate huu mbele ya mshumaa wangu, mnanipa neno. Banda langu lisiguswe. Mimi mzee. Nikifa, mchukue mawe, mchukue na vitunguu. Mpaka hapo, Rumenka alale pake."

"Neno langu, dada," Milojković akasema, machozi yale.

"Neno langu, mama," Vranovci akasema, mkono kifuani.

Wakaushika. Mmoja akageuza kulia, mwingine kushoto, mkate ukabaki palepale unalia. Spasenija ikabidi awaelekeze kama watoto. Kisha wakavuta. Jamani, walivyovuta! Meno nje, shingo zimetoka mishipa, divai inamwagika kwenye mashati. Mkate ukachanika, kipande kikubwa kikabaki kwa Vranovci, naye akakiinua juu akitabasamu.

"Nusu ile ilikuwa upande wangu," Milojković akasema.

"Mimi nilikuwa nimeushika kwanza."

"Kabla hatujageuza ilikuwa yangu!"

"Kuleni," Spasenija akawaambia, akawamiminia pombe kali ya rakia. "Kuleni, inapoa."

Walikula kama hawajaona chakula. Jioni walipoondoka Spasenija alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto. "Umesikia, Nafije? Wote wawili. Mbele ya mshumaa." Na sisi, watu wa hapa, tulioona mambo tuliyoyaona, tuliamini. Kwetu mtu anaweza kukuibia kondoo, anaweza kukuchomea nyasi, lakini akitoa neno juu ya mkate siku ya mwenye nyumba, neno limekaa. Hatukufikiria kwamba wale wanaojiita walinzi wa desturi zetu, walioandika vitabu vinene juu ya desturi zetu, wangekuwa watu pekee nchini wasiozifuata.

Theluji ya kwanza haijaanguka, likaja gari la manjano lenye jembe kubwa mbele, pamoja na kijana wa kofia ngumu. Akasema ni kamati ya pamoja. Pande zote mbili zimekubaliana, manispaa imeidhinisha kwa manufaa ya umma, ridhaa ya mwenye kiwanja haihitajiki tena. Miaka mia wanagombana, hawajakubaliana hata jina la kituo cha basi, na siku walipokubaliana walikubaliana kumfukuza ng'ombe.

Ukë alimpigia simu Vranovci pale pale barabarani.

"Bwana Ukë," sauti ikasema, "ile ilikuwa heshima ya mezani tu. Huu ni uamuzi wa kitaalamu."

Spasenija alimpigia Milojković. Sikusikia alichojibiwa. Nilimwona tu akitazama simu, kisha akaiweka mfukoni mwa aproni, akaingia bandani kumtoa Rumenka kwa kamba. Maneno yote niliyasema mimi kwa niaba yake, na kijana wa kofia ngumu akaziba masikio.

Banda likabomolewa, na wiki hiyo hiyo vikasimikwa vibao viwili. Kimoja cha Wailiria, kimoja cha mfalme. Vimesimama kimoja hapa kimoja pale, na katikati yake palikuwa na samadi.

Rumenka tulimweka kwetu. Nilimwambia Spasenija nitamkamua mimi, nikamwapia, nikamgombeza. "Hakujui," akasema. "Atabana maziwa." Asubuhi na jioni akavuka barabara ile ya mteremko na ndoo yake, kwenye barafu, bibi wa umri ule. Ukë alimwaga majivu, akamwaga chumvi, akawa anamsubiri langoni amshike mkono. Asubuhi moja hakusubiri. Alitoka mapema asitusumbue. Tulimkuta amelala ubavu, ndoo imebingirika mpaka chini, na alikuwa anamwita Rumenka, si sisi. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Ljubinka akaja na gari. Safari hii aliposema, "Mama, twende," Spasenija hakuwa na jibu. Alinipa ufunguo wa nyumba na ule muhuri wa mkate, umefungwa kwenye kitambaa.

"Utaoka?"

"Nitaoka, mama."

"Yeyote atakayekuja, mkaribishe."

"Hata wale?"

"Hata wale," akasema. Mimi nisingeweza. Yeye aliweza, na sijamsamehe kwa hilo.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, ukuta ukaanguka. Tulisikia mngurumo, tukatoka, tukakuta chungu ya mawe. Kumbe boriti za banda ndizo zilizokuwa zikiushika. Miaka yote tuliyodhani banda limeegemea ukuta, ukuta ndio uliokuwa umeegemea banda. Wailiria na mfalme wote wawili walikuwa wamesimamishwa na makazi ya ng'ombe, na walipoondolewa ng'ombe hawakumaliza hata msimu mmoja. Unadhani kuna aliyeona haya? Vranovci alitoka kwenye televisheni akisema Waserbia wameubomoa usiku kwa wivu. Milojković akatoka kwenye televisheni nyingine akilia kwamba Waalbania wamemuua mfalme mara ya pili. Sikia nikwambie, nilizima ile, nikazima na ile.

Mwezi wa kumi na moja ukafika. Nilifungua nyumba ya Spasenija, nikawasha jiko, nikaoka mkate, nikaugonga muhuri. Kabichi nilifunga za watu wengi. Ukë akawasha mshumaa, mlango tukauacha wazi na baridi inaingia. Siku hiyo haalikwi mtu, kwa hiyo hatukualika. Tuliwasubiri mashabiki wa kanisa, tukawasubiri mashabiki wa Wailiria, tukawasubiri wa dukani wenye "ukuta wetu". Gari la Milojković lilipita. Lilisimama kwenye chungu ya mawe, akashuka na mpiga picha, akapiga magoti mbele ya kibao chake, akainuka, akajipangusa, gari likaondoka. Kutoka pale mpaka mlangoni kwetu ni kiasi cha kurusha kiatu. Nilikuwa na hamu kubwa ya kukirusha.

Mkate tuliugeuza mimi na Ukë. Kisha miguu ikaniuma, nikakaa. Simu ikalia.

"Nafije?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wamekuja?"

"Uuu, mama! Nyumba imejaa mpaka uani," nikasema. "Sina hata pa kuweka sahani."

Kiti cha Tihomir kina mguu mmoja mbovu, kinalia ukijigeuza, na mimi nilijigeuza.

"Umekaa," Spasenija akasema. "Nasikia kiti. Ungekuwa na wageni usingekuwa umekaa."

Nikautazama mlango ulio wazi.

"Simama, mwanangu," akasema. "Mshumaa haujaisha bado."

Nikasimama. Ukë aliponiona akasimama naye, akaenda akashika mlango. Tukabaki tumesimama hivyo.